Kiinua Mgongo cha Askari wa Zimamoto na Dhima ya Arusha

Siku ya Mei Mosi ya mwaka 2024, wafanyakazi wa Tanzania walipokusanyika kitaifa hapa Arusha katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapana jambo lililotajwa kwa uchungu kupita kikokotoo cha mafao ya uzeeni. Na baada ya majuma sita, tarehe 13 Juni, Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba malipo ya mkupuo, yaliyokuwa yameshushwa kutoka asilimia 50 hadi 33, yatapandishwa hadi asilimia 40 kwa watumishi walioguswa na punguzo hilo. Kilio kilisikika, na haki ikarejea kwa kiasi chake. Walakini miongoni mwa waliolia hakuwamo askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, naye si kwa kuwa hana la kulilia, ila kwa kuwa mtu aliye chini ya amri na nidhamu ya jeshi habebi bango wala hapandi jukwaani kudai stahiki yake. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya mji ambao hulala usingizi kwa sababu yeye yu macho.

Tuianze hesabu yenyewe, maana katika jambo la mafao maneno matupu hayamfai mtu. Mtumishi akistaafu, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, huchukua idadi ya miezi aliyochangia, huigawa kwa 580, kisha huizidisha kwa wastani wa mshahara wake wa mwaka katika ile miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Hapo hupatikana pensheni ya mwaka mzima, ambayo sehemu yake huzidishwa mara 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na sehemu iliyosalia hugawanywa kwa miezi 12 na kulipwa mwezi hata mwezi hadi mauti. Tuseme askari amechangia miezi 360, ambayo ni miaka 30, na wastani wa mshahara wake ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani, iliyogawa kwa 540, ikazidisha kwa 15.5, ikatoa nusu kwa nusu, angaliondoka na shilingi milioni 55.8 mkononi na 300,000 kila mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022 angalipata milioni 27.7 na kila mwezi 374,000 na ushei. Kwa asilimia 40 ya leo atapata milioni 33.5, na kila mwezi 335,000.

Waliotunga kanuni ya 2022 walikuwa na hoja, nami sipendi kuwadhulumu: mifuko ilikuwa imelemewa, na mzee mwenye fedha kila mwezi ana salama kuliko mzee aliyepewa mamilioni siku moja yakamwishia katika msingi wa nyumba huko Olasiti ambao haukupata kuezekwa. Lakini hebu tutazame kile alichopoteza askari wetu na kile alichopewa badala yake. Katika mkupuo alipoteza shilingi milioni 28.1, katika mwezi aliongezewa 74,000. Ili nyongeza hiyo ifidie kile kilichopunguzwa, yatakiwa miezi 379, nayo ni miaka 31 na zaidi, kwa hiyo aliyestaafu akiwa na miaka 60 sharti aishi hadi apite 91. Kanuni iliyohamisha thamani ya mafao kutoka siku ya kustaafu na kuitandaza juu ya miaka ya uzee imewafaa wenye uzee mrefu. Na yule ambaye kazi yake yenyewe huupunguza uzee wake amepata hasara asiyoijua karani aliyeketi kivulini miaka 30 kwa mshahara ule ule.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Sheria ya mfuko hutambua miezi na mishahara, na moshi hauna safu katika hesabu yake. Katika mitaa ya Unga Limited na Ngarenaro, mahali ambapo vyumba vimepangana ukuta kwa ukuta na njia hazimpishi mtu na toroli sembuse gari la maji, moto wa siku hizi si ule wa makuti na miti waliouzima babu zetu. Godoro la sponji likishika moto hutoa sumu ya sianidi pamoja na ile hewa ya kaboni monoksidi isiyo rangi wala harufu, na mapazia, ndoo za plastiki, nyaya za umeme na rangi za ukutani kila kimoja huongeza chake. Askari huingia humo akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, na hewa ile huisha kabla ya kazi kwisha. Halafu, moto ukiwa umezimwa na watu wamekwisha kutawanyika, huanza ile kazi ambayo watazamaji huiona nyepesi, ya kupekua majivu na kupindua mabati ili moto usirudi; kazi hiyo aghalabu hufanywa uso ukiwa wazi, kwa sababu mtungi ni mtupu na joto limemchosha, ilhali masizi yamemganda shingoni, mikononi na ndani ya nguo zile zile atakazozivaa tena kesho. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimaji moto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, likitaja hasa ile ya utando wa mapafu na ile ya kibofu cha mkojo. Kundi hilo ndilo lenye tumbaku na asbesto. Yaliyokuwa yakisemwa kwa kukisia katika vikosi vya dunia nzima sasa yamo katika maandiko ya elimu, na sheria ya mafao isiyoyatazama maandiko hayo imebaki nyuma ya zama zake.

Wala haikuwa hivi daima kwamba jambo hili la mafao ya zimamoto ni la serikali kuu ya Dodoma peke yake. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya mji: halmashauri ndiyo iliyomwajiri mtu, ikampa kofia na mpira wa maji, na akiba yake ikawekwa katika mfuko wa serikali za mitaa, LAPF, ambao tangu miaka ya 1940 ulikuwa mfuko wa akiba tu hadi sheria ya mwaka 2006 ilipougeuza kuwa mfuko wa pensheni. Kisha ikaja Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, ikawatoa askari hawa mikononi mwa halmashauri na kuwaweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Na mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa ikawa PSSSF. Mabadiliko hayo yalikuwa na heri yake, kwa kuwa mji maskini na mji tajiri sasa hulindwa na jeshi moja lenye mafunzo mamoja. Ila yalileta na upweke: Jiji la Arusha halimwajiri tena askari, halimlipi, halimchangii, wala halioni jina lake katika daftari zake siku anapostaafu.

Na moto ni wa Arusha. Machi 2020, Soko la Samunge lilipoteketea pamoja na mitaji ya wafanyabiashara wadogo wasiohesabika, halikuteketea Dodoma. Tarehe 24 Februari 2024, lori lilipokosa breki pale Ngaramtoni na watu 25 wakapoteza maisha, na Aprili ya mwaka huo huo, mafuriko yalipolisomba gari la wanafunzi kule Muriet na wazazi wakasimama ukingoni wakingoja watoto wao watafutwe majini, misiba hiyo ilikuwa yetu sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru. Uokoaji umekuwa nusu nzima ya jina la jeshi hili, na sehemu yake nzito ni kuwatoa wafu, jambo ambalo huingia moyoni mwa mtu likakaa humo kwa miaka. Tena mji huu una deni la maneno kuliko miji mingine. Azimio lililotangazwa hapa mwaka 1967, ambalo jumba lake la makumbusho lipo Kaloleni karibu na Mnara wa Mwenge, lilikiri kwamba wazee wasiojiweza wana haki ya kuishi kwa jasho la wengine. Aliyeitoa afya yake kwa ajili ya mali za wengine na akafika uzeeni akiwa hajiwezi ana haki hiyo mara mbili.

Sasa tuingie katika fedha, maana rehema isiyo na chemchemi ya fedha hukauka mapema. Leo kila askari hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri, ambaye ni serikali, huongeza 15, jumla 20. Mafunzo ya namna mfuko unavyozama tunayo hapa hapa nyumbani. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa umma hakuchangia kitu, Hazina ikalipa pensheni. Ulipoundwa mfuko wa kuchangia, ulibebeshwa na miaka ya nyuma ambayo haikuwekewa senti, kwa ahadi kwamba serikali italipa sehemu hiyo. Ahadi ilichelewa, mfuko ukalipa kwa fedha za wachangiaji waliokuwa bado kazini, na deni likavimba hata serikali ikalazimika mwaka 2021 kutoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 ili kulipunguza. Kikokotoo kilichowaliza watu ni mtoto wa deni hilo kwa sehemu kubwa. Aliyeahidi bila kuweka akiba alifanya ukarimu kwa mali ya mtu ambaye hakuwapo kujitetea, naye ni mstaafu wa miaka ya baadaye.

Majirani zetu wa Kenya wanakijua kisa hiki kwa sura nyingine. Huko zimamoto imebaki chini ya serikali za kaunti, na kaunti zilipozirithi halmashauri mwaka 2013 zilirithi pamoja nazo madeni ya michango ambayo ilikatwa katika mishahara ya watu isifike katika mifuko ya Lapfund na Laptrust. Nairobi imo katika wadaiwa wakubwa. Mtu alikatwa fedha yake, risiti akaiona katika karatasi ya mshahara, na alipostaafu akaambiwa angoje. Na asidhani mtu kwamba ni ufukara wa Afrika: mfuko wa pensheni wa polisi na askari wa zimamoto wa mji wa Dallas, nchini Marekani, uliwaahidi wanachama wake faida isiyopungua asilimia 8 kwa mwaka juu ya akiba fulani ya uzeeni, ukazizamisha fedha nyingi katika ardhi na majumba, na habari za upungufu zilipoenea mwaka 2016 wanachama walitoa zaidi ya dola milioni 500 katika miezi michache kabla ya mlango kufungwa. Ahadi kubwa kupita uwezo humdhuru yule yule aliyeahidiwa.

Kwa hiyo siombi kwamba mfuko wa pamoja ubebeshwe mzigo mwingine juu ya ule unaoulemea. Naomba fedha mpya yenye asili inayojulikana, na mfano wake upo katika jimbo la Florida, ambako sheria huiruhusu miji kutoza asilimia 1.85 ya ada za bima ya mali zilizomo ndani ya mipaka yake, na fedha hiyo ikaingia katika mfuko wa pensheni wa wazimamoto wa mji huo huo. Hekima yake haihitaji falsafa. Moto ukizimwa saa ya kwanza badala ya saa ya tatu, mwenye hoteli hupona, na kampuni ya bima aliyoilipa hupona pamoja naye. Askari aliyeingia motoni ndiye aliyeiokoa akiba ya kampuni, naye hapati katika wokovu huo hata thumni.

Katika nchi yetu ada za bima za mali hutozwa tayari kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hapana haja ya kuongeza kodi juu ya kodi; yatosha kwamba Bunge litenge kijisehemu cha kodi hiyo iliyokwisha kukusanywa katika bima za moto, pamoja na fungu la zile ada za ukaguzi wa kinga na tahadhari ya moto ambazo hoteli, maghala, vituo vya mafuta na majengo ya biashara hulipa kwa Jeshi lenyewe, na viwekwe katika akaunti ya peke yake ndani ya PSSSF, isiyochanganywa na nyingine. Muuza mitumba wa Samunge asiye na bima hataguswa hata kidogo. Mzigo utakuwa juu ya mwenye ghorofa, mwenye kiwanda na mwenye hoteli ya kitalii, ambao kinga ya Jeshi huwafaa kwa mamilioni.

Na fedha hiyo ifanye kazi gani? Ifanye kila mwaka ambao askari aliutumia katika kikosi cha kuzima na kuokoa uhesabiwe mwaka mmoja na miezi mitatu, na sheria imruhusu aondoke akiwa na miaka 50 badala ya kungoja 55 ya hiari au 60 ya lazima. Askari aliyeanza akiwa na miaka 26 atakuwa na miaka 24 kazini atakapofika 50. Kwa hesabu ya leo miezi yake 288 ingempa, kwa mshahara ule ule wa mfano wetu, mkupuo wa milioni 26.8 na pensheni ya 268,000, lakini kwa uzito huo mpya miezi yake itahesabiwa 360, naye atapata zile milioni 33.5 na 335,000. Tofauti kwa mtu mmoja ni milioni 6.7 za mkupuo na 67,000 za mwezi, tena iongezwe pensheni ya ile miaka atakayotangulia kuondoka kabla ya wenziwe. Si kidogo, na mtaalamu wa hesabu za mifuko apewe nafasi ya kuipima kabla ya Bunge kupiga kura, tusije tukarudi kule kule kwa 1999. Waingereza, ambao mafao ya wazimamoto wao yana sheria tangu 1925, kwa miaka mingi waliwaruhusu kuondoka na miaka 50 wakiwa wametumika 25. Walipouondoa utaratibu huo mwaka 2015 na kuwahamisha vijana huku wazee wakiachwa, Mahakama ya Rufaa ilihukumu mwaka 2018 kwamba wamebagua kwa umri. Ni aula sisi tujenge kwa uangalifu mara moja kuliko kujenga na kubomoa.

Najua litakalosemwa barazani, kwa sababu hulisikia kila moto unapotokea: Zimamoto huchelewa, na wakifika hawana maji. Wenye kusema hivyo wameunguliwa, na mtu aliyeunguliwa na duka lake hana wajibu wa kupima maneno. Hata hivyo gari la maji lina tangi lenye kipimo, nalo huisha kwa dakika chache mpira unapofunguliwa. Baada ya hapo askari hutegemea mabomba ya kuchotea maji mitaani, ambayo kuwekwa kwake na kutunzwa kwake, kama ilivyo kuachwa kwa njia katika mipango miji, si amri ya askari. Tukiwanyima mafao kwa kosa la mabomba makavu, tutakuwa tumemhukumu mtu kwa dhambi ya ofisi nyingine. Atasema na muuguzi wa Hospitali ya Mount Meru kwamba yeye naye hushika maradhi kazini. Kweli, naye atakapoleta ushahidi wa kielimu wenye uzito kama huu nitamwandikia makala yake kwa furaha; haki ya mmoja haingoji hadi haki ya wote ikamilike.

Wapo pia wazimamoto wasio na sare, ambao hawana hesabu popote. Oktoba 2020, moto ulipopanda katika nyika za Kilimanjaro, mamia ya wanavijiji, wapagazi na wanafunzi waliungana na askari wa hifadhi kuupiga kwa matawi na majembe; na huku kwetu katika miteremko ya Meru, msitu unaposhika moto wakati wa kiangazi, mwenye shamba la migomba ndiye wa kwanza kupanda. Hawa kikokotoo hakiwajui. Kwao ningeridhika, kwa kuanzia, kama halmashauri za Arusha na Meru zingewakatia bima ya ajali kwa siku wanazoitwa msituni, ili mke wa mtu asibaki na sifa peke yake.

Lakini hata sheria nzuri ikitungwa mwakani, askari aliyeugua leo atashindwa kuthibitisha kwamba ugonjwa wake ulitoka kazini kama hapana maandishi, na maandishi hayo hayahitaji Bunge wala bajeti. Jeshi mkoani Arusha lianze daftari la moshi kwa kila askari, lijazwe usiku ule ule kikosi kinaporudi kituoni kabla nguo hazijafuliwa: jina la mtu, mtaa, kilichoungua, saa alizokaa ndani, kama alikuwa na mtungi wa hewa au hakuwa nao, na Jiji lilipie vipimo vya mapafu na mkojo vya askari wote mara moja kwa mwaka katika hospitali ya mkoa, na majibu yakabandikwe katika daftari hilo hilo. Nakala moja ikae kwa kamanda, moja apewe mwenyewe aende nayo nyumbani, na ya tatu ipelekwe PSSSF pamoja na michango ya mwezi huo.